Mwenye nyumba anauza apatimenti moja moja kwenye jengo tunalopanga, ninunue au nihame?

#1 MpangajiSugu
Wakuu salaam. Naomba akili zenu maana zangu zimegota.

Napanga Kinondoni, jengo la ghorofa tano, apatimenti 15 na chini kuna fremu sita za biashara. Huu mwaka wa saba nipo hapa, vyumba viwili sebule na jiko, kodi laki tisa kwa mwezi nalipa miezi sita sita. Mzee mwenye jengo alifariki miaka mitatu iliyopita, Mungu amrehemu, hakuwa na neno na mtu. Sasa wiki jana watoto wake wakatuitisha pale paking chini ya mwembe wakatugawia soda, na barua. Barua inasema jengo halitapangishwa tena, linagawanywa, kila apatimenti itapata hati yake na kuuzwa peke yake. Wapangaji tumepewa nafasi ya kwanza, vyumba viwili mtu wa nje milioni 185, sisi 170 tukimaliza ndani ya siku 90. Asilimia 30 inatangulia "kuwezesha mchakato wa hati". Asiyetaka atamalizia kodi yake halafu aangalie ustaarabu mwingine.

Nina akiba, na kiwanja Kibaha naweza kukitoa. Mke anasema tununue, shule ya watoto iko jirani. Mimi roho inasita. Hivi unanunuaje ghorofa ya tatu? Chini yangu kuna mtu, juu yangu kuna mtu, ardhi ya nani? Na kwa nini wauze sasa hivi wakati jengo limejaa na kodi tunalipa?

Nawasilisha.

#2 Kijana wa Hovyo
Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wenye hela.

#3 Kipara wa Ilala
Usinunue hewa mkuu. Nyumba ni kiwanja, ukuta unazeeka ila kiwanja kinapanda. Hiyo 170 nenda Goba au Madale chukua kiwanja, jenga taratibu, una uwanja wako una mwembe wako, ukitaka kufuga kuku unafuga. Huko unanunua dari ya mtu wa chini.

#4 Mama Tunu
@Kipara wa Ilala kila siku Goba Goba, foleni ya kutoka huko saa kumi na moja asubuhi utamlipia wewe mafuta? Mtoa mada piga hesabu. Milioni 170 gawa kwa laki tisa ni miezi 188 na ushee, yani miaka 15 na miezi 9 hivi. Miaka saba uliyokaa, kama kodi ingekuwa laki tisa muda wote, ushampa marehemu milioni 75 na laki 6 na huna hata tofali. Mimi ningekuwa na hiyo hela saa hizi nishasaini.

#5 Chumvi Nyingi
Mama Tunu umesahau kwamba akinunua ataanza kulipia vitu ambavyo sasa analipa mwenye nyumba. Mlinzi, pampu, taa za ngazi, kupaka rangi. Hesabu yako imekaa kama ya dalali.

#6 Mama Tunu
Mimi dalali? 😂 Haya.

#7 Mjuzi wa Mambo
Kisheria inawezekana, kuna sheria ya ardhi ya 1999 inaruhusu mtu kumiliki ghorofa. Na mpangaji lazima auziwe kwanza kwa sheria, asipouziwa anaenda baraza la ardhi anashinda asubuhi tu.

#8 WakiliWaUswazi
Mjuzi wa Mambo punguza mwendo kidogo kaka. Ya 1999 ni Sheria ya Ardhi namba 4. Hii ya kumiliki sehemu ya jengo ni nyingine, namba 16 ya mwaka 2008, na kanuni zake zilitoka 2009. Mwaka huo huo wa 2008 ndo ilitoka na sheria ya mikopo ya nyumba, na si bahati mbaya, benki haiwezi kukukopesha kwa ghorofa ya tatu kama hiyo ghorofa ya tatu haina karatasi yake.

Inavyokwenda kwa kifupi. Jengo lina hati moja, hiyo iite hati mama. Wanaleta mpima, inachorwa ramani inaonyesha kila sehemu ilipoanzia na ilipoishia, na vile vya wote: ngazi, korido, paking, paa, makaro. Ramani ikipitishwa na kusajiliwa, kila sehemu inapata hati yake na hapo hapo kinazaliwa chama cha wamiliki, ambacho ni mtu kisheria, kinashtaki na kushtakiwa, kinakusanya michango, kinaweka kanuni za jengo. Wewe unamiliki sehemu yako pamoja na fungu lako kwenye vya wote. Kwa hiyo Kipara, si hewa. Ardhi ipo, ila mko wengi juu yake.

Hilo la kuuziwa kwanza, mtoa mada soma mkataba wako wa pango kama kuna kipengele hicho. Usiende barazani kwa kumtegemea Mjuzi.

La muhimu zaidi ni hili. Umesema asilimia 30 inatangulia kuwezesha mchakato wa hati. Maana yake hati hazipo. Leo hii hakuna apatimenti ya kuuza, kuna jengo moja na ahadi 15.

#9 Kijana wa Hovyo
Ahadi 15 na fremu sita. Wakili kapiga kichwani.

#10 MpangajiSugu
Asante wakili. Asilimia 30 ya 170 ni kama milioni 55 hivi, si ndogo.

#11 Chumvi Nyingi
51. Ukiwa unakosea milioni nne nne usinunue nyumba mkuu.

#12 Mzee wa Busati
Mnazunguka mbuyu. Sababu ya kuuza ni moja, mirathi. Nimeyaona kwetu. Baba kaacha nyumba moja ya kodi na watoto saba kwa mama wawili. Mwaka wa kwanza kodi inagawanywa vizuri, mwaka wa pili mmoja anasema anayekusanya anaficha, mwaka wa tatu hawasalimiani. Nyumba nzima haigawanyiki, hela inagawanyika. Hao watoto hawana mpango na wewe, wanakimbiana wao kwa wao. Muulize nani msimamizi wa mirathi, ana barua ya mahakama? Wote wamesaini? Maana anaweza kukuuzia kaka mkubwa leo, kesho anatokea binti wa mke mdogo na zuio la mahakama wewe ushahamisha mpaka friji.

#13 Msukuma Mkavu
Mzee wa Busati naheshimu ila mimi naona biashara tu. Ng'ombe mzima mnadani ana bei yake, mchinje umuuze kilo kilo, na utumbo na kichwa na kwato, uone kama bei ni ile ile. Apatimenti 15 mara 170 ni bilioni mbili na milioni 550, hapo fremu hujagusa. Nani ana bilioni mbili na nusu ya mkupuo anunue jengo la zamani Kinondoni? Hayupo. Ila wa 170 wapo wengi kama nyie. Bei ya rejareja hiyo.

#14 Fundi Bomba
Mimi ni fundi maji, nimeingia majengo mengi ya hivi Kinondoni, Sinza, Upanga, nawaambia kitu. Jengo linauzwa pale linapoanza kula. Miaka ya mwanzo jengo linakulisha, likifika miaka 20 linaanza kukula wewe. Mabomba ya chuma ya zamani yanaoza ndani ya ukuta, unaona ukungu tu chumbani unadhani ni rangi. Makaro yamejaa udongo, ya kunyonya mara moja kwa miezi sita inakuwa kila mwezi. Tenki la juu linavuja taratibu linalowesha slabu, nondo zinashika kutu, zege linaanza kudondoka vipande vipande kwenye dari ya ghorofa ya mwisho. Mwenye nyumba anaona hayo kabla yenu. Akiuza kwa watu 15, yale matengenezo ya milioni 200 hayamhusu tena, yanawahusu nyie kwa jina zuri la "mchango wa chama".

Mtoa mada, kabla ya kusoma barua yao panda juu ya paa. Halafu shuka uangalie makaro. Hivyo viwili havisemi uongo.

#15 Mama Tunu
Fundi umenikata hamu ya kula.

#16 Dada wa South B
Niko Nairobi, wacha nichangie kidogo. Huku hii stori tunaijua sana. Kwa miaka mingi mtu alikuwa ananunua flati anapewa sabliisi, yaani pango ndani ya pango, ya miaka 99 na sheya moja kwa kampuni ya kusimamia jengo, na taito mama inabaki kwa mwenyewe au kwa kampuni. Sasa kuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, Sectional Properties Act mpya, ilianza kufanya kazi tarehe 28 Desemba 2020, ikafuta ile ya 1987, na waliokuwa na zile sabliisi wakapewa miaka miwili wabadilishe. Ukiwa na hiyo taito ya kisasa flati ni yako, na kampuni inaachia shirika la wenye nyumba.

Kile kinaua watu huku ni loni. Mwenye jengo alichukua loni kwa taito mama, anawauzia nyinyi flati, pesa yenu anapeleka mahali ingine, halafu siku moja mnaona mnada kwa gazeti na picha ni ya nyumba yenu. Cousin yangu alipitia hiyo. Alikuwa amelipa zote, ana risiti zote, na bado alikuwa anapanga foleni kortini na wenzake kumi na wanane. Kwa hivyo wewe nenda ufanye sachi ya taito mama, na kama kuna benki, benki yenyewe iandike kwamba inaachilia flati yako. Si mdosi mwenye jengo aandike. Benki.

Pia huku sheria inataka kama shamba ni la lizi, yaani la kumilikiwa kwa miaka maalum, iwe imebakisha si chini ya miaka 21. Kwenu sijui ni ngapi lakini angalia hiyo pia.

#17 Chumvi Nyingi
Dada Nairobi asante. "Shamba" Kinondoni 😂 nimecheka ila hoja nimeichukua.

#18 Dada wa South B
Huku kila ploti ni shamba, mtazoea.

#19 Bronx Bongo
Wakuu niko New York, huku hii biashara ndo nyumbani kwake. Jengo la kupanga kugeuzwa kondo, yani kila apatimenti na mwenyewe, kuna utaratibu mrefu kama mahari ya Kihaya. Mwenye jengo lazima aandae kitabu kizima cha mpango wa mauzo akipeleke kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Rasimu yake inaitwa "red herring", wapangaji mnapewa mnaisoma mnaweka wakili wenu wa pamoja mnapigania bei. Ndani kuna ripoti ya injinia kuhusu hali ya jengo, paa, boila, lifti, kila kitu. Zamani ilitosha asilimia 15 ya apatimenti zipate wanunuzi, hata wa kutoka nje walihesabiwa. Juni 2019 sheria ikabadilika, sasa lazima asilimia 51 ya wapangaji waliomo wakubali kununua ndo kondo inazaliwa.

#20 Kijana wa Hovyo
Kondo inazaliwa 😂😂 mkuu kondo ya nyuma au?

#21 Mama Tunu
Nilijua tu. Nilivyosoma "kugeuzwa kondo" nikasema sasa yule kijana anakuja.

#22 Nesi Mstaafu
Kondo ikichelewa kutoka mama yuko hatarini, msifanye mzaha. Endeleeni na nyumba zenu.

#23 Bronx Bongo
Hahaha jamani. Haya, nyumba ya kondo. Jambo moja ambalo sijaona mtu kaligusa: baada ya kugeuza, nani anashika chama? Huku jengo likigeuzwa na wapangaji wachache tu wakanunua, mwenye jengo anabaki na apatimenti zile ambazo hazijauzwa, anapanga watu wake, na kwenye bodi yeye ndo mwenye kura. Unamiliki nyumba ila mwenye nyumba ni yule yule wa zamani, na safari hii kodi anaita mchango.

Halafu suala la akiba ya matengenezo si mchezo. Mnakumbuka lile jengo la Surfside kule Florida lililoporomoka Juni 24, 2021, watu 98 walikufa usiku. Halikuwa limegeuzwa, lilijengwa kondo toka mwanzo, ila wamiliki walikuwa wamebishana miaka kuhusu kuchanga kama dola milioni 15 za ukarabati. Kila mtu ana hati yake mkononi, na hakuna anayetaka kulipia nguzo.

#24 Fundi Bomba
Hapo sasa. Na hapa kwetu ongeza fremu za chini. Mwenye fremu akiona stoo ndogo anapasua ukuta, anachimba kwenda chini, hamuulizi mtu wa ghorofa ya nne. Kariakoo Novemba 2024 ghorofa liliporomoka, tulikuwa wote tunaangalia.

#25 Kipara wa Ilala
Ndo maana nasema Goba.

#26 MpangajiSugu
Nimerudi wakuu. Nimefanya kama mlivyosema, nimepanda juu. Mlinzi alinipeleka kwa elfu tano.

Tenki linavuja kweli, kuna mahali slabu imeota majani, sitanii, majani. Ila kubwa nililoona kule juu ni mnara wa kampuni ya simu. Nimekaa miaka saba sijawahi kujua. Nikamuuliza mlinzi anasema wanalipa kila mwaka na hela ni nzuri. Nikarudi kwenye barua ukurasa wa pili (ukurasa wa kwanza ndo ulikuwa na bei na soda) imeandikwa "sehemu ya juu ya jengo pamoja na fremu za chini zitabaki chini ya umiliki wa familia".

#27 WakiliWaUswazi
Aaah. Hapo ndo penye nyumba yenyewe. Hizo kuta zako mbili tatu ndo sehemu ndogo ya mauzo. Paa wanabaki nalo na kodi ya mnara wanabaki nayo. Likivuja nani anaziba? Wakijibu "chama", hapana. Anayekula mnara azibe slabu. Wakitaka liwe la wote basi na hela ya mnara iingie mfuko wa wote, huo mfuko peke yake ungelipia pampu na mlinzi mwaka mzima.

Na fungu la kura hapo. Sehemu 21 kwa jumla, 15 juu na sita chini. Wakinunua wapangaji sita, familia ina 15. Soma tena post ya Bronx Bongo namba 23.

#28 Msukuma Mkavu
Nilisema mimi, mpaka kwato wanauza. Kumbe kwato wamebaki nazo.

#29 Mzee wa Busati
Si kwato, huo ndo ulimi. Ila bado nasema ni mirathi.

#30 Mtoto wa Mama Ntilie
Samahani natoka nje ya mada kidogo, hivi vipeperushi vya mauzo ya apatimenti bado vinaandika bei kwa dola? Nimeona kimoja mjini juzi. Nijuavyo toka Machi 2025 kuna kanuni zinakataza kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni hapa ndani.

#31 MpangajiSugu
Barua yetu ni ya shilingi. Ila dalali wao alivyomtumia rafiki yangu wa nje aliandika dola, nina screenshot.

#32 Chumvi Nyingi
Basi hiyo ndo sababu halisi. Majengo ya aina hii mengi kodi ilikuwa inapangwa kwa dola, shilingi ikishuka mwenye nyumba analala vizuri. Sasa amekatazwa, kupangisha kumepoteza utamu. Anauza achukue mzigo mkubwa mara moja.

#33 MpangajiSugu
Lakini sisi tulikuwa tunalipa shilingi siku zote mkuu.

#34 Chumvi Nyingi
Basi sijasema kitu. Ila fremu?

#35 MpangajiSugu
Fremu sijui.

#36 Chumvi Nyingi
Eeh.

#37 Mkazi wa Kota
Watu wanaongea kama kitu hiki kimeanza jana. Magomeni Kota mmesahau? Kaya 644 zilitolewa kwenye zile nyumba za zamani, zikakaa nje miaka, Rais Samia akazindua maghorofa Machi 2022, na mpango ukawa mpangaji mnunuzi, unakaa huku unalipa mpaka panakuwa pako. Apatimenti hizo hizo za kushea ngazi. Na Shirika la Nyumba wanauza apatimenti Kawe watu wananunua. Tatizo si ghorofa, tatizo ni unanunua kwa nani. Jengo jipya la shirika na jengo la marehemu la miaka ishirini na kitu si kitu kimoja.

#38 Mama Tunu
Nakubaliana na Mkazi. Na shangazi yangu yuko Upanga kwenye flati za zamani tokea enzi zile majumba yamechukuliwa na serikali 1971, kapanga, kazalia humo, wajukuu wamo humo. Kila akisikia wapangaji watauziwa anaanza kudunduliza. Amedunduliza miaka thelathini. Nyie mnauziwa mnakataa.

#39 Fundi Bomba
Mama Tunu wewe si uli­sema nimekukata hamu.

#40 Mama Tunu
Nimeshakula.

#41 LUKU Imeisha
Swali la kijinga. Kodi ya majengo kwenye LUKU itakuwaje? Sasa hivi kila apatimenti ina mita yake?

#42 MpangajiSugu
Umeme kila mtu na mita yake. Maji mita moja jengo zima, bili anagawa mlinzi kwa kuangalia idadi ya watu anavyojua yeye, mimi ananihesabia na mdogo wangu aliyeondoka 2022.

#43 LUKU Imeisha
Kwa ghorofa ni 7,500 kwa mwezi kwa kila ghorofa, ilikuwa 5,000 mpaka Julai 2023. Sasa ghorofa moja kwenu ina apatimenti tatu, mita tatu, nani anakatwa? Msipokubaliana mapema yule wa kwanza kununua umeme mwezi huo ndo atakuwa baba wa ghorofa.

#44 Kijana wa Hovyo
Mlinzi ndo serikali ya jengo hilo. Anauza tiketi za paa, anagawa maji. Nunueni mlinzi.

#45 Mjuzi wa Mambo
Mimi nasema kuna mkopo benki. Hakuna mtu anakupa punguzo la milioni 15 kwa siku 90 kama hana anayemkaba. Benki imempa siku 90 na yeye kawapa nyie siku 90. Pima mwenyewe.

#46 Mzee wa Busati
Leo Mjuzi umesema la maana. Ila hata wana ndugu wanaweza kupeana siku 90.

#47 MpangajiSugu
Wakuu, wiki mbili zimepita. Nimefanya sachi ya hati mama kwa msajili kupitia wakili (si huyu wa uzi huu, huyu wetu bado hajanipa namba yake 😂). Majibu:

Jina la msimamizi wa mirathi limeshaingizwa, ni dada yao mkubwa, kwa hiyo barua ya mahakama ipo. Rehani ilikuwepo, marehemu alikopa, ila imeshafutwa, imefutwa mwaka mmoja kabla hajafa. Hakuna zuio.

Nikashusha pumzi. Ndo wakili akaniambia soma na huu mstari. Hati ilitolewa 2001, ya miaka 33.

#48 WakiliWaUswazi
2034.

#49 MpangajiSugu
2034 mkuu.

#50 Kipara wa Ilala
Go. Ba.

#51 Dada wa South B
Aki mimi nilisema. Huku hiyo haingefika hata kwa meza.

#52 Mjuzi wa Mambo
Miaka 33 inahuishwa tu, watu wanahuisha kila siku. Msimtishe.

#53 WakiliWaUswazi
Kuhuisha kupo, sikatai. Lakini hati ya sehemu haiwezi kuishi kuliko hati mama, huwezi kumuuzia mtu miaka usiyokuwa nayo. Ukinunua leo umenunua miaka iliyobaki mpaka 2034 na matumaini. Na siku ya kuhuisha, nani anaenda? Familia ikiwa ishauza na kugawana, watakwambieni nyie ndo wenye jengo, nendeni. Watu 21 kukubaliana gharama na saini za kuhuisha hati, wakati kwenye bili ya maji hamjakubaliana bado. Hilo jambo lifanywe sasa hati ikiwa moja na saini ni moja. Wahuishe kwanza, wagawe baadaye, wewe ulipe mwisho. Na hiyo 30 isiguse mkono wa mtu, ikae kwa wakili wa pande zote mbili mpaka hati ya sehemu itoke kwa jina lako, na mkataba useme isipotoka kufikia tarehe fulani hela inarudi yote. Wakikataa hilo ushapata jibu lako.

#54 Msukuma Mkavu
Kumbe ndo siri. Ng'ombe ni mzee, wanamuwahi kabla hajafa zizini.

#55 Mzee wa Busati
Au hawajui wenyewe. Watoto wangapi wanasoma hati ya baba? Walisoma bei tu.

#56 Mama Tunu
Mimi nabaki pale pale ila sasa napunguza. Mwambie 110.

#57 Bronx Bongo
Usiende mwenyewe. Wapangaji wote 15 wekeni wakili mmoja, mchange laki laki. Wao wanawahitaji nyie kuliko nyie mnavyowahitaji, mtu wa nje akiambiwa 2034 hatoi hata soda.

#58 Chumvi Nyingi
Ila akishahuisha hati, bei itarudi 185 na ile punguzo itakuwa imekufa. Hiyo nayo fikirieni. Mwenye roho ngumu ananunua sasa hivi bei ya hofu.

#59 WakiliWaUswazi
Chumvi, huo nao ni ukweli. Mimi kazi yangu ni kumzuia mtu asilie, si kumtajirisha.

#60 Shemeji Yenu
Mimi nimenunua kwenye jengo la namna hii miaka minne iliyopita, sitasema wapi. Hati ya sehemu ninayo, imetoka baada ya mwaka na nusu walisema miezi mitatu. Nyumba nzuri. Chama tumekutana mara mbili tu. Lifti haijafanya kazi tangu mwaka jana kwa sababu wa chini wanasema hawatumii lifti na hawalipi, wa juu wanasema mtatumia mkizeeka. Mimi niko ghorofa ya pili, nimekaa kimya. Sijutii ila nikipata mtu wa bei nzuri nauza.

#61 Kijana wa Hovyo
"Nimekaa kimya" 😂😂 ghorofa ya pili nchi huru.

#62 MpangajiSugu
Mrejesho wa mwisho kwa sasa. Jumamosi tumekutana wapangaji 11 kati ya 15, chini ya mwembe pale pale, safari hii soda tumejinunulia. Wanne walikuwa wameshalipa asilimia 30 kabla ya mkutano, mmoja wao hakujua kabisa habari ya 2034, akakaa chini kwenye tofali hakuongea tena. Mama wa ghorofa ya tano yeye anataka kununua na ya jirani yake, anasema hati za miaka 33 Dar zipo mbona watu wanaishi. Wawili wanahama. Waliobaki tumemwandikia dada mkubwa barua, tumeomba wahuishe hati kwanza, paa na mnara viingie kwenye vya wote, na hela ikae kwa wakili. Amejibu vizuri kwa simu, anasema yeye hana shida ila mdogo wao yuko Muscat naye lazima aridhie, na huyo wa Muscat ndo mwenye haraka. Kwa nini ana haraka hakusema.

Mke wangu bado anataka. Kiwanja cha Kibaha kuna mtu kashafika bei.

#63 Mzee wa Busati
Wa Muscat. Nilisema mirathi.

#64 Mjuzi wa Mambo
Wa Muscat ana mkopo.

#65 Fundi Bomba
Tenki mmeziba?

#66 MpangajiSugu
Tenki bado, kila mtu anasema asubiri kujua ni la nani. Halafu kumezuka ugomvi mwingine, mwembe. Yule mama wa ghorofa ya tano anasema kwenye ramani mpya uko kwenye paking yake.

#67 Kijana wa Hovyo
Zinaiva lini hizo embe?

#68 MpangajiSugu
Desemba. Siku 90 zinaisha Novemba.